Jinsi ya Kutambua Asili ya Injini ya Beetle Iliyofanyiwa Ovaholi

Maswali ni yaleyale. "Nimenunua Beetle, muuzaji anasema injini ni 1600, nitajuaje?" "Kadi inasema 1300 lakini fundi ameniagiza pistoni za 1500, nimwamini nani?" "Namba ya injini haiendani na mwaka wa gari, nimeuziwa gari la wizi?" Ukiwa na Volkswagen ya zamani inayopozwa kwa upepo, utakutana na mojawapo ya maswali haya kabla mwaka haujaisha. Fuata hatua zilizo hapa kwa mpangilio wake, usiruke, na utapata majibu mengi bila hata kufumua injini.

Kwanza shika jambo moja. Namba iliyogongwa kwenye injini inakueleza kasha (bodi la injini linalobeba kranki) lilizaliwa lini na likiwa injini ya aina gani. Haikuelezi kilichomo ndani leo. Injini hizi zimefumuliwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu: kasha la gari hili, hedi za gari lile, kranki iliyochongwa mjini, pistoni zilizoletwa na ndugu kutoka nje. Kwa hiyo tunatafuta majibu matatu: kasha ni la nani, ndani mna nini, na nani aliifunga mara ya mwisho. Anayetoka na jibu la kwanza tu ndiye anayenunua pistoni zisizoingia.

Andaa vitu hivi

- Kadi ya gari au logibuku, pamoja na risiti zozote za matengenezo ulizokabidhiwa.
- Simu yenye kamera nzuri, na tochi ndogo unayoweza kuilaza pembeni.
- Mafuta ya taa, matambara, mswaki wa zamani na burashi ya waya wa shaba. Burashi ya waya wa chuma iache nyumbani.
- Chaki nyeupe, karatasi nyembamba na penseli laini.
- Kioo kidogo cha kuchungulia mahali pasipofikika.
- Venia (rula ya chuma yenye taya za kupimia kipenyo). Ikiwa na kijiti cha kupimia kina ndiyo bora.
- Kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, kama unaweza kuazima.
- Daftari. Usitegemee kumbukumbu, maana namba za sehemu na namba ya injini zitakuchanganya kabla ya jioni.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kuosha

Fundi wengi huanza na kuosha injini kwa presha. Mwambie asubiri. Uchafu ni ushahidi: rangi ya gundi iliyotokeza kwenye mishono, kibati cha karakana kilichofichwa na grisi, maandishi ya kalamu ya rangi kwenye hedi, rangi iliyopuliziwa juu ya oili. Piga picha injini nzima kutoka nyuma, kulia, kushoto na chini, kisha usogee karibu. Andika pia kila alichokuambia muuzaji, kwa maneno yake mwenyewe, ili baadaye ujue lipi lilikuwa kweli.

Hatua ya 2: Soma chesisi

Inua kiti cha nyuma. Namba ya chesisi imegongwa juu ya tuta la katikati la sakafu, karibu na kifuniko kidogo cha kuingilia kwenye fito la gia. Linganisha na kibati cha mbele kwenye buti.

Magari kuanzia modeli ya 1965 hadi 1969 yana tarakimu tisa. Mbili za kwanza ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli. Namba inayoanza na 118 ni Beetle ya modeli ya 1968. Kuanzia modeli ya 1970 tarakimu ni kumi: 110 ni Beetle ya modeli ya 1970, 111 ni ya 1971, na kuendelea. Ukiona 15 mwanzoni ni ile ya paa la turubai, na 13 ni 1302 au 1303, yaani zile zenye pua pana kidogo.

Angalizo ambalo huwapotosha wengi: mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia. Gari lililotoka kiwandani Oktoba 1967 ni modeli ya 1968. Kadi ikisema 1967 na chesisi ikisema 118, hakuna aliyedanganya.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya injini yenyewe

Fungua buti la nyuma. Juu katikati utaona dinamo (au oltaneta), imekaa juu ya stendi yake. Shusha macho hadi pale stendi inapokutana na kasha, juu ya puli kubwa ya kranki. Uso mdogo wa kasha ulio chini tu ya kitako cha stendi ndipo namba ilipogongwa.

Mara nyingi hutaona kitu ila tope la oili. Lowesha kwa mafuta ya taa, acha dakika chache, sugua kwa mswaki, futa. Rudia. Ikibaki kutu nyeupe, tumia burashi ya shaba kwa mkono mwepesi. Kisha laza tochi pembeni kabisa, karibu ilingane na uso wa chuma, ili kila tarakimu itupe kivuli. Namba isiyoonekana kwa mwanga wa mbele hujitokeza kwa mwanga wa ubavu. Ikikataa bado, pakaza chaki na ufute juu juu kwa kidole: chaki itabaki ndani ya mikwaruzo. Au weka karatasi juu na upitishe penseli kwa ubavu wake. Karatasi hiyo ibandike kwenye daftari.

Onyo kubwa. Usitumie grainda, msasa wa mashine wala tindikali. Kasha la injini hizi ni la aloi ya magnesi, metali laini kuliko unavyodhani. Msasa utaondoa namba milele, na vumbi la magnesi hushika moto kwa cheche. Likiwaka, usilimwagie maji, maana maji huchochea moto huo. Lizime kwa mchanga mkavu.

Kosa la pili linalorudiwa kila siku ni kusoma namba zisizo zenyewe. Namba ya injini imegongwa, imezama ndani ya chuma. Namba zilizochomoza, zilizotoka na chuma kwenye kalibu, ni namba za sehemu. Kitu kama 113 101 na tarakimu nyingine tatu ni namba ya kipuri: 113 inaonyesha kipuri kilibuniwa kwa gari gani, na tarakimu ya kati inayoanza na 1 inaonyesha ni kundi la injini. Maelfu ya injini yana namba hiyohiyo. Kuna watu wameiandikisha kama namba ya injini kwenye kadi, na kila wanapotaka kuuza gari tatizo linaibuka upya.

Hatua ya 4: Soma herufi

Herufi za mwanzo ndizo zenye habari. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi:

- Tarakimu tupu, bila herufi: kabla ya Agosti 1965. Namba kuanzia 5 000 001 ni 1200 ya nguvu za farasi 34, iliyoanza Agosti 1960.
- D: 1200, farasi 34, kuanzia Agosti 1965.
- F: 1300, farasi 40, kuanzia Agosti 1965.
- E: 1300 ya mgandamizo mdogo, kwa nchi zenye petroli hafifu.
- H: 1500, farasi 44, kuanzia Agosti 1966.
- L: 1500 ya mgandamizo mdogo.
- B: 1600 yenye hedi za tundu moja la hewa (tazama Hatua ya 5), ya Kombi kuanzia Agosti 1967, na ya Beetle za soko la Marekani modeli ya 1970.
- AB: 1300, farasi 44, hedi za matundu mawili, kuanzia Agosti 1970.
- AD: 1600, farasi 50, matundu mawili, kuanzia Agosti 1970.
- AE na AH: 1600 za soko la Marekani, miaka ya mwanzo ya 1970.
- AF: 1600 ya mgandamizo mdogo.
- AR na AS: 1300 na 1600, kuanzia modeli ya 1974.
- AJ: 1600 ya injeksheni ya soko la Marekani, kuanzia modeli ya 1975.
- ACD: 1600 ya injeksheni ya Meksiko, miaka ya mwisho kabla Beetle ya mwisho haijatoka Puebla tarehe 30 Julai 2003.

Usishtuke ukikuta Beetle yako imebeba injini ya Kombi. Kombi zilitembea sana huku kwetu, na baadhi ziliunganishwa Thika, Kenya, miaka ya 1970. Bodi ya Kombi ikioza, injini yake haitupwi. Inashuka kwa boliti chache tu, na usiku wa leo inaweza kuwa inamsukuma mtu mwingine akiwa kwenye Beetle.

Hatua ya 5: Uliza kasha kama linakubaliana na namba yake

Hapa ndipo namba za kugushi zinapokamatika, na ni hatua ambayo karibu hakuna anayeifanya. Namba inaweza kubadilishwa kwa nyundo, lakini umbo la kasha halibadilishwi kwa nyundo.

*Stendi ya dinamo.* Kama stendi ni sehemu ya kasha lenyewe, haikufungwa kwa nati, kasha ni la kizazi cha kabla ya Agosti 1960. Kwa kasha la namna hiyo, herufi kama F au AD ni uongo mtupu.

*Vizibo vya valvu za presha ya oili.* Lala chini ya gari. Katikati utaona sahani ya duara ya chujio. Tafuta kizibo kipana chenye mfuo wa bisibisi nene, upande wa puli. Kisha angalia upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo upande wa giaboksi). Makasha hadi modeli ya 1969 yana kizibo kimoja. Kuanzia modeli ya 1970 yana viwili, kimoja kila upande. Sasa chukua mfano: namba inaanza na F0, maana yake kasha la mwanzo kabisa la 1300, la 1965 au 1966. Ukihesabu vizibo viwili chini yake, namba hiyo haikuzaliwa na kasha hilo. Kinyume chake pia: AD yenye kizibo kimoja haiwezekani.

*Nchi.* Pitisha tochi kwenye ubavu wa kasha na chini, tafuta maandishi yaliyochomoza. Kasha la Meksiko huwa limeandikwa hivyo, la Brazili vilevile. Ukiona AS21 au AS41, hiyo ni aina ya aloi: AS41 ni ile imara zaidi, ya makasha ya baadaye. Kasha la AS41 lenye namba ya 1966 lina maelezo ya kutoa.

Hedi, kabureta, dinamo na distribyuta zisikupe haraka ya kuhukumu. Zinabadilishwa bila kupasua kasha. Hedi ziangalie kwa jambo moja tu: bomba la kuvutia hewa likiingia kwenye hedi kwa tundu moja, ni mtindo wa kabla ya Agosti 1970 (isipokuwa 1200, iliyobaki na tundu moja), likiishia kwenye kipande cha alumini chenye miguu miwili kilichounganishwa kwa mpira, ni hedi za matundu mawili. Kasha la H lenye hedi za matundu mawili limeshafumuliwa, huhitaji kumwuliza mtu.

Hatua ya 6: Tafuta alama za aliyeifunga

Volkswagen wenyewe walikuwa wakifanya ovaholi. Kiwanda chao cha Kassel kilianza mwaka 1958 kwa kazi hiyohiyo ya kufufua injini na giaboksi, na mteja alipewa injini iliyofufuliwa akiacha ile mbovu. Injini hizo hugongwa X baada ya namba. Ukiiona, furahi. Injini ilipita mikononi mwa kiwanda angalau mara moja, ingawa haizuii kuwa ilifumuliwa tena baadaye mtaani.

Kwa ovaholi za karakana za kawaida, angalia:

- Gundi ya silikoni, nyekundu, ya bluu au nyeusi, iliyotokeza kwenye mshono wa nusu mbili za kasha. Kiwandani hawakutumia hiyo. Ukiiona mshono mzima, kasha limepasuliwa na kufungwa upya.
- Kibati kidogo cha alumini, au alama ya patasi, herufi mbili tatu za fundi, kwenye kasha au ukingo wa hedi.
- Nati za ukubwa au rangi tofauti kwenye mshono. Injini iliyofungwa kwa nati za kuokoteza inaonekana.
- Mikwaruzo ya bisibisi kwenye mshono, mahali mtu alipolazimisha nusu mbili ziachane. Ikiwa mikwaruzo ni mirefu, tegemea kuvuja oili hapo.

Ukibahatika kumpata fundi aliyeifunga, nenda umwone ana kwa ana, na uende kwa heshima. Mzee aliyefunga Volkswagen miaka thelathini anaweza kukumbuka kranki yako kuliko anavyokumbuka sura yako. Mwulize mambo matatu: kranki ilichongwa kiasi gani, pistoni zilitoka wapi, na kama kasha lilichongwa njia ya kranki.

Hatua ya 7: Pima ndani

Kama injini haiko tayari kufumuliwa, anza na kamera ya waya. Toa plagi moja, zungusha puli kwa spana mpaka pistoni ikaribie juu, ingiza kamera. Injini isiyotembea sana tangu ovaholi huwa na masizi membamba, na unaweza kusoma tarakimu zilizogongwa juu ya pistoni. Mshale ulio juu yake lazima uelekee upande wa flaiwili. Ukielekea kwingine, aliyefunga hakuijua injini hii.

Usijaribu kupima mwendo wa pistoni kwa kupitisha msumari kwenye tundu la plagi. Kwenye Beetle plagi imekaa kwa kulala, hivyo kipimo kitakuwa cha uongo, na kijiti kikikwama pistoni inapopanda utatoboa kitu.

Injini ikiwa chini na hedi zimetolewa, kazi ni rahisi. Lakini sikiliza: silinda za Beetle hazikufungwa kwenye kasha. Hedi ndizo zinazozikandamiza. Hedi zikitoka, ukizungusha kranki silinda zinainuka pamoja na pistoni, na zikirudi chini vibaya ringi hukatika. Weka vipande vya bomba kwenye stadi (boliti ndefu zinazoshika hedi), kaza nati kidogo, ndipo uzungushe.

1. Futa kichwa cha pistoni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, soma namba. Ikiwa chini kidogo ya kipimo unachokijua, kwa sehemu chache za mia za milimita, ni ile nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na silinda. Usiihesabu kama saizi mpya.
2. Pima kipenyo cha silinda kwa venia, mara mbili kwa njia ya msalaba.
3. Pistoni ikiwa juu kabisa, pima kina kutoka ukingo wa silinda hadi kwenye pistoni. Ikiwa chini kabisa, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwendo wa pistoni.
4. Rudia kwa silinda zote nne. Nasisitiza zote. Silinda moja ikipasuka, kuna mafundi hubadilisha hiyo moja kwa chochote kilichopo.

Sasa piga hesabu: kipenyo mara kipenyo mara mwendo mara 0.0031416, vyote kwa milimita, na utapata sisi (cc) za injini nzima. Vipimo vya kiwandani ni hivi:

- 77 kwa 64: sisi 1192, yaani 1200
- 77 kwa 69: sisi 1285, yaani 1300
- 83 kwa 69: sisi 1493, yaani 1500
- 85.5 kwa 69: sisi 1584, yaani 1600

Tazama mwendo wa pistoni. Kutoka 1300 hadi 1600 ni 69 ileile, na kasha la 1300 linapokea silinda za 1600 mradi hedi nazo ziwe za 1600. Ndiyo maana kasha lenye herufi F linaweza kuwa 1600 halali ndani, na muuzaji aliyekuambia hivyo asiwe mwongo. Lakini mwendo wa 64 unakuambia ni 1200, hata buti liandikwe nini.

Ukipata 86 au 86.5, hiyo ni 1600 iliyofanyiwa ribo (silinda kuchongwa ziwe pana zaidi) mara ya kwanza au ya pili. Hesabu itatoa kama 1603 au 1622. Andika, kwa sababu ndiyo saizi ya ringi utakazonunua.

Angalia pia jina lililo kwenye pistoni. Mahle na Kolbenschmidt (hugongwa KS) ni za Kijerumani. Cofap na Metal Leve ni za Brazili. Jina la pistoni halikuambii kasha lilikotoka. Linakuambia spea za ovaholi zilinunuliwa wapi, nalo ni jibu la swali letu la tatu.

Hatua ya 8: Kasha likipasuliwa

Ukifikia hapa, geuza kila beringi na usome mgongo wake kabla ya kuitupa kwenye ndoo ya taka. Beringi kuu zina vipimo viwili: cha ndani, kinacholingana na kranki, na cha nje, kinacholingana na kasha. Ndani ikiwa 0.25, 0.50 au 0.75, kranki imechongwa mara moja, mbili au tatu. Ikiwa 0.75, chukulia kranki hiyo imefika mwisho. Nje ikiwa 0.5 au 1.0, kasha lenyewe limechongwa njia ya kranki.

Kranki isiyoguswa ina jonali kuu (sehemu za duara zinazokaa kwenye beringi kuu) za milimita 55, isipokuwa ile ndogo ya upande wa puli yenye 40. Pima kwa maikromita, au mpelekee mchongaji akupimie.

Kwenye gia ya kamshafti unaweza kuona +1, 0 au -1. Hiyo si ovasaizi. Ni upangaji wa kiwandani wa meno ya gia, usiiandike kama alama ya ovaholi.

Hesabu meno ya flaiwili: 109 ni ya mfumo wa volti 6, 130 ni ya volti 12. Flaiwili huhamishwa, kwa hiyo ichukulie kama shahidi wa pembeni.

Hatua ya 9: Linganisha na karatasi

Panga ulichopata kwenye ukurasa mmoja. Mfano wa ripoti safi: *Chesisi 118, modeli ya 1968. Injini AD, kasha la 1600 la Agosti 1970 au baadaye, vizibo viwili, linakubaliana na namba. Gundi nyekundu mshono mzima. Pistoni Cofap 86, silinda zote nne sawa, mwendo 69, sisi 1603. Beringi 0.25 ndani, nje standadi.* Mtu akisoma hayo anajua injini ya asili ya gari iliondoka, ikaja ya gari la angalau miaka miwili baadaye, ikafanyiwa ribo moja na kranki ikachongwa mara moja. Anajua pia aagize nini.

Namba ya injini isipolingana na kadi, kabadilishe kihalali: Tanzania kupitia TRA, Kenya kupitia NTSA. Nenda na ushahidi wa ulikopata injini. Injini tofauti na mwaka wa gari si dalili ya wizi, kwa magari ya umri huu ni jambo la kawaida. Kisichokubalika ni kugonga namba ya kadi juu ya kasha lingine ili karatasi zilingane. Ukimruhusu fundi afanye hivyo, umegeuza gari halali kuwa gari la kesi.

Ukitaka kujua gari lilivyotoka kiwandani, Stiftung AutoMuseum Volkswagen ya Wolfsburg hutoa cheti kwa ada, kwa kutumia namba ya chesisi. Utapata tarehe ya kutengenezwa, rangi ya asili na soko lilikopelekwa.

Ukikwama

*Hakuna namba kabisa, uso ni laini na safi.* Makasha mapya ya spea yaliuzwa bila namba ili wakala agonge mwenyewe. Angalia alama za nchi na vizibo, kisha tegemea vipimo vya hatua ya 7. Lakini kama uso una mistari ya tupa au umezama kuliko eneo linalouzunguka, namba imefutwa. Usinunue. Kama umeshanunua, peleka gari likakaguliwe na polisi kabla hujaweka hela nyingine.

*Tarakimu hazikukaa sawa, moja juu moja chini, na ukubwa tofauti.* Zimegongwa kwa mkono. Inaweza kuwa wakala aliyegonga kasha jipya la spea, inaweza kuwa mwingine. Hatua ya 5 ndiyo itakayoamua.

*Herufi hazimo kwenye orodha.* BF na BH ni za Brazili, 1300 na 1500. T na U ni 1600 za Type 3, zile gari ambazo feni yake imekaa kwenye kranki. Watu huzigeuza ziwe na feni ya juu na kuziingiza kwenye Beetle.

*Hesabu inatoa 1641 au 1679.* Umepata seti za milimita 87 au 88 zilizoingizwa kwenye kasha bila kulichonga. Kuta za silinda hizo ni nyembamba. Zichunguze kama zimekuwa mviringo wa yai kabla ya kununua ringi.

*Silinda hazilingani.* Usitafute asili tena, tafuta seti mpya ya silinda na pistoni nne. Injini ya namna hiyo itatikisika daima, hata ufunge kabureta gani.

*Kadi inasema 1200, umepima 1600, na fundi anasisitiza ni 1300.* Vipimo ndivyo vinavyotawala. Mwonyeshe pistoni, hesabu mbele yake, na uagize spea kwa kilichopimwa.